Glavu za Kufika Kwapani

Katindiuka, Ifakara
22 Januari 1995

Wifi Natalia, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kigoda cha mdogo wako, kile chenye mguu mmoja mfupi. Tangu tumzike Kelestini mwezi wa kumi hakuna aliyekikalia, na leo nimeona kitaoza bure. Bado kinayumba. Kila siku alisema atakitengeneza kesho.

Watoto ni wazima na wanakwenda shule. Mvua inanyesha na kuacha, inanyesha na kuacha.

Nina ombi. Huko Morogoro maduka ni mengi. Nitafutie glavu za mpira zisizopitisha maji, ndefu, na ngumu za kudumu. Hapa Ifakara nimezunguka soko zima. Wananionyesha zile nyeupe za hospitali, ukizivaa asubuhi mchana zimekwisha. Nazitaka za kazi tu.

Kuhusu Desemba, sikuulizi. Nilikungoja uje kuninawisha, kama desturi ya ukoo wenu inavyotaka. Nilitwanga mpunga, nikaazima sufuria kubwa kwa jirani. Hukuja. Kila mtu ana sababu zake.

Wifi yako,
Levina


Morogoro
6 Februari 1995

Levina, marahaba.

Barua yako ilinikuta katikati ya masufuria, wateja wangu wa kiwanda cha ngozi wamejipanga na sahani zao kama watoto wa shule. Nikaisoma kwa jicho moja. Glavu! Nilicheka mpaka binti yangu Febronia akauliza, “Mama, una nini?” Nikamwambia mjomba wake alioa mwanamke anayeipua chungu cha moto kwa viganja vitupu, na leo mwanamke huyo anataka mikono laini. Nani anakuangalia mikono huko Katindiuka, wewe? Vyura?

Haya, nimemkabidhi dereva wa basi la Ifakara pea moja. Ni za kuoshea vyombo, rangi ya waridi. Utapendeza.

Lakini hilo la Desemba usiniandikie tena kwa namna ile. Si uliagiza mwenyewe nisije? Nilikuwa nimeshakunja nguo, nimeshapata mtu wa kunishikia biashara, ndipo nikaletewa maneno yako kwamba umechoka na msiba wetu, hutaki kunawishwa, unarudi kwenu Mahenge. Nikazikunjua nguo. Uliamua mwenyewe, basi usijifanye wewe ndiye uliyeachwa.

Natalia


Katindiuka
14 Februari 1995

Wifi, shikamoo.

Niliagiza nini? Nilimwagiza nani? Tangu mazishi sijakanyaga Mahenge. Siku ile ya Desemba nilikuwa hapahapa, nimefunga kitambaa cheupe, ninaangalia njia. Akaja shemeji Eustaki peke yake. Akasema, “Natalia amegoma. Anasema hana muda na vitu vya kijijini.” Kisha akakaa akala wali niliokupikia wewe, akaomba na ukoko. Niliona aibu kwa ajili yako.

Sasa nikuambie glavu ni za nini. Sikukueleza kwa sababu niliona haya kukuomba kitu na hapohapo kukulaumu.

Mliponipokea nyumbani kwenu mliniambia kwamba mtu wa ukoo hagusi maji aliyoyafanyia kazi marehemu mpaka dada wa marehemu amnawishe mjane palepale kwenye maji hayo. Nami nimekaa hivyo, sijagusa. Lakini bwawa la samaki la Kelestini halijui msiba. Lina bomba la kutolea maji, limelazwa chini ya tuta. Mdomo wa bomba uko ndani ya maji, na Kelestini aliufunga wavu wa waya ili perege wasitoke. Wavu umeziba kwa majani ya matete. Mvua ikinyesha maji yanapanda na hayana pa kutokea. Masika yakifika yatapita juu ya tuta, tuta litakatika, na samaki wote watakwenda mtoni.

Shemeji anajua. Amesema mbele ya watu kwamba bwawa likipasuka pale patarudi kuwa jaruba la mpunga, na jaruba ni la ukoo, si la mjane. Ndiyo maana kila nikimuuliza siku ya kunawishwa ananiambia bado.

Fimbo haifai. Wavu umefungwa kwa waya, unahitaji vidole. Jirani yetu Sayi, yule Msukuma mwenye ng'ombe, si wa ukoo na mwiko haumhusu, akajitolea. Nikamkatalia. Kesho yake ingesemwa Levina amewapa wafugaji bwawa la Kelestini, na Sayi tayari anasemwa vya kutosha kwa ajili ya ng'ombe wake. Akanipa glavu alizoachiwa na bwana mifugo, zile za nailoni za kupimia mimba ya ng'ombe. Zinafika begani kabisa! Nilifurahi kama mtoto. Nikazijaribu kwenye pipa la maji ya mvua nikiwa nimeshika tawi la mwanzi, zikachanika kama ganda la kitunguu. Hizi zako za waridi ni ngumu, nashukuru, lakini zinaishia pale mtu anapovaa saa. Mimi nahitaji za kufika kwapani.

Utasema, tia mkono tu, nani atakuzuia? Ningeweza. Ila baba yenu alipofariki, Kelestini alichota maji mtoni kila asubuhi ili mama asikiguse kisima cha mzee kabla ya siku yake. Alirudi mabega mekundu, akijipigia mluzi wake ule usio na wimbo. Kitu alichokibeba hivyo sitakitupa kwa sababu ya uongo wa kaka yake. Wala sitaliacha bwawa lipasuke. Nitafungua bomba na mkono wangu utatoka mkavu. Eustaki atafute neno lingine.

Levina


Morogoro
25 Februari 1995

Levina wangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama, na maharage yameungua. Wateja waliponiona uso wakala hivyohivyo.

Eustaki huyo! Ndiye aliyeniletea hayo maneno yako. Alikaa hapa kwangu, akanywa supu bakuli mbili, akaniambia kwa sauti ya kanisani, “Dada yangu, Levina ameomba aachwe.” Mimi mjinga nikamfungia na vitumbua vya njiani. Kwa hiyo alikula kwangu akaja akala kwako, kwa uongo mmoja.

Ningepanda gari leo. Lakini tumbo la Febronia limeshuka, na mkunga amesema asilale peke yake hata siku moja. Akishajifungua nitakuja, hata kama nitakuja nimekaa juu ya magunia.

Kwa sasa pokea hizi. Nina mteja anaitwa Teofili, anafanya kazi kwenye mapipa ya kulowekea ngozi pale kiwandani. Wao huvaa glavu za mpira mweusi, nzito, za dawa kali. Amepewa mpya, nikamwambia za zamani azilete, la sivyo wali wake utakuwa wa juu juu tu, nyama ataisikia harufu. Alizileta siku hiyohiyo. Nimeziosha kwa sabuni na majivu mpaka mikono yangu imechubuka. Nawe zioshe tena, tusije tukawaua perege kwa dawa ya ngozi.

Kisha nikazijaza maji mwenyewe, kikombe kwa kikombe, nikazitundika kwenye kamba ya nguo tangu asubuhi mpaka jioni. Halikudondoka hata tone. Jirani alipita akauliza, “Mama Febronia, umemning'iniza nani?” Nikamwambia shemeji wa mtu.

Zinafika kwenye kiwiko. Kuanzia hapo mpaka kwapani mtafute Beatus fundi baiskeli, akuungie mpira wa ndani wa tairi la trekta kwa solusheni. Akileta maringo mwambie Natalia bado anamkumbuka alivyokwama kwenye uzio wetu na miwa ya kuiba.

Wifi yako kweli,
Natalia


Ifakara mjini
6 Machi 1995

Kwa mke wa marehemu Kelestini,

YAH: KUTIA MKONO BWAWANI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nimearifiwa kwamba umekwenda kwa Beatus kuungiwa mikono ya mpira ili uingie kwenye maji ya marehemu kabla ya wakati. Mtu mzima hafanyi mambo hayo. Mkono uliomo ndani ya mpira ni mkono tu, na mwiko ni mwiko. Likitokea lolote kwa watoto wako usije kunilaumu, nimeshasema.

Mimi ndiye mkubwa wa ukoo na ninaangalia mbele. Masika hayo yanakuja. Jumamosi tarehe 18 nitafika na vijana kulifungua tuta kwa majembe kutoka upande wa nje, ambako ni pakavu. Samaki watagawanywa kwa haki na fungu lako utapewa. Baada ya hapo patapandwa mpunga.

Usinione mbaya. Bwawa ni kazi ya mwanaume. Kelestini angekuwepo angekubaliana nami.

Ni mimi shemeji yako,
Eustaki


Katindiuka
8 Machi 1995

Shemeji Eustaki, shikamoo.

Barua yako nimeipata. Nimeisoma mara moja, imetosha.

Siku ya pili ya msiba, watu wakiwa bado wamelala uwanjani kwetu, uliingia bwawani umevaa buti za mvua ukapima kwa hatua. Nilikuona kutoka jikoni. Nilikuuliza, shemeji, je, wewe mwiko haukuhusu? Ukanijibu mbele ya Scolastica mke wako, “Miguu yangu ni mikavu, nimevaa buti.” Nimejifunza kwako.

Kelestini nilikaa naye, najua alichokubali na alichokataa. Alipochimba bwawa hili ulimwambia anachimba kaburi. Alicheka, akaendelea kuchimba.

Ijumaa tarehe 17, jua likiwa juu, nitafungua bomba. Sitajificha, nawe karibu uangalie. Jumamosi ukija na vijana wako mtanikuta nimekaa juu ya tuta kwenye kigoda cha mume wangu. Mkitaka kuchimba, anzieni chini ya kigoda.

Levina


Katindiuka
19 Machi 1995

Wifi Natalia, shikamoo.

Tuta limesimama. Nimeanza na hilo ili usome mengine umekaa.

Beatus hakuleta maringo. Nilipotaja miwa alicheka mpaka akakaa chini, kisha akasema, “Kwa Kelestini nafanya bure.” Akakwangua mpira, akaunga kiwikoni mara mbili, juu akaweka mkanda wa kubana begani. Alipomaliza akaifunga glavu mdomo, akaijaza upepo kwa pampu ya baiskeli na kuizamisha kwenye beseni kama anavyotafuta pancha. Hakikutoka kipovu hata kimoja.

Ijumaa nilipofika bwawani nilikuta watu wengi kuliko wa kanisani. Eustaki alikuwa ameshasimama, amevaa koti. Nikalaza juu ya tuta ule mlango wa zamani wa banda la kuku, nikajilaza kifudifudi, nikavaa. Mtu akapiga kelele, “Mama, unazalisha ng'ombe?” Sayi akamjibu, “Nyamaza, huyu ndama wake mkubwa.” Hata mimi nilicheka, mdomo uko karibu na matope.

Nikatia mkono wa kulia mpaka kwapani. Wifi, sikuona kitu, nilipapasa tu. Nikaupata wavu. Nikaupata waya aliouzungusha, na ule mkunjo wake wa mwisho anaoukunja kwa ndani ili usimchome mtu. Nilikuwa nimeusahau mkunjo ule. Hata kamba ya mbuzi alikuwa akiimalizia hivyo. Nikaufungua kwa vidole vile vizito kama ndizi, na ulipoachia, ncha yake ikatoboa glavu kwenye kiganja.

Nilihisi maji yakiingia. Mwanzoni yalikuwa ya baridi, halafu yakapata joto langu. Yalijaa kiganja chote. Nilijua maana yake na nilijua nani amesimama nyuma yangu. Sikuutoa mkono. Niling'oa majani fungu kwa fungu, nikaurudisha wavu, nikaufunga waya kama alivyoufunga, mkunjo kwa ndani. Upande wa pili wa tuta bomba likakohoa, kisha likaanza kumwaga. Watu walipiga vigelegele.

Eustaki akasema, “Vua. Tuone huo mkono.” Nikamwambia, “Shemeji, tangu lini mwanaume anataka kuona mkono wa mjane hadharani?” Watu wakacheka, naye akageuka. Nilikwenda nyumbani nimevaa, maji yakicheza ndani kwenye vidole. Nilivua chumbani, mlango nimefunga.

Jana alikuja na vijana wenye majembe. Walinikuta kwenye kigoda. Akasema, “Ondoka hapo.” Nikasema, “Nimekaa, shemeji.” Vijana wakaangalia maji, yalikuwa yameshuka vizuri, perege wanaonekana migongo. Mmoja wao akamwambia, “Baba mkubwa, hapa hakuna kinachopasuka. Tunabomoa nini?” Wakaweka majembe begani wakaondoka. Yeye akabaki, akasema polepole ili nisikie mimi peke yangu, “Nitajua kama ulilowa.”

Sijamwambia mtu ila wewe. Beatus anajisifu mji mzima kwamba kazi yake haivuji. Kila mtoto akikohoa nashtuka.

Levina


Morogoro
29 Machi 1995

Levina mpenzi,

Nina mjukuu wa kike! Analia kama pikipiki mbovu. Tumemwita Bernadeta.

Watoto kukohoa ni mvua, si mwiko. Wape maji ya moto na ndimu, ulale usingizi wako.

Na sasa nisikilize vizuri. Hukuvunja kitu. Glavu zile nilizijaza maji mimi, kikombe kwa kikombe, mimi dada wa marehemu. Maji ya kwanza kuingia humo yalitoka mkononi mwangu, na nilipozifunga kwenye gazeti ndani zilikuwa bado zina unyevu. Ukaingiza mkono wako humo. Basi nilikuwa nimeshakunawisha, tena kabla hujaligusa bwawa. Nani atabisha? Kwenye jambo hili mwenye neno ni dada, si kaka.

Kwa hiyo funga mdomo. Eustaki hana ushahidi, usimpe. Nakuja Pasaka, tutanawa mbele ya watu ili waone kwa macho, na habari ya kutoboka itaishia kwako na kwangu.

Natalia


Katindiuka
5 Aprili 1995

Shemeji Eustaki, shikamoo.

Siku ile ulisema utajua kama nililowa. Nakuokolea muda. Nililowa. Glavu ya kulia ilitoboka kiganjani, na maji ya bwawa la Kelestini yalinigusa, tena yalikaa na mimi mpaka nyumbani. Mwambie Beatus si kosa lake, pale alipounga hapakuvuja. Ni waya uliotoboa.

Wifi Natalia amenitafutia maneno mazuri ya kunifunika. Nampenda kwa hayo maneno, lakini sitaki kufunikwa. Nikiificha habari hii, wewe ndiye utakayekuwa umeishika, na utanitishia nayo kila masika. Sasa huna cha kushika. Nimemwandikia na yeye hivyohivyo.

Mwiko huu niliuheshimu kuliko wewe uliyeuokota kama jembe ili unichimbe nao. Ulikwenda kwa Natalia na uongo, ukaja kwangu na uongo, na kote ulikula ukashiba. Nami nilitia mkono mchana kweupe. Kama maji yale yana hasira, yana pa kuanzia, na si kwa wanangu. Kikohozi chao kimekwisha.

Hili bwawa siliachi. Masika yamefika, bomba linamwaga usiku na mchana, na tuta nimelipandisha kwa mikono yangu. Wavu ukiziba nitaufungua tena. Ukileta vijana nitaleta kigoda. Nimekitengeneza ule mguu mfupi, hakiyumbi tena, kwa hiyo naweza kukaa muda mrefu.

Jumatatu ya Pasaka Natalia ataninawisha palepale bwawani, mbele ya yeyote atakayekuja. Nakukaribisha, wewe ni kaka wa marehemu. Nitawatoa perege kwa mikono mitupu, na wa kwanza nitakukaangia wewe. Ukoko pia nitakuwekea.

Glavu nimezitia kiraka, nimezitundika kwenye mwanzi pale bombani. Siku ukitaka kulisaidia bwawa la mdogo wako, zipo. Zinakutosha.

Mke wa Kelestini,
Levina